Peru iko mbali, mbona parachichi lake linatangulia letu Ulaya?

*"Nina ekari tatu za parachichi aina ya Hass huku Njombe, miti ina miaka sita. Tulipoanza tuliambiwa hii ni dhahabu ya kijani: ardhi tunayo, mvua ni ya Mungu, vibarua si ghali, na Ulaya hatutozwi ushuru. Mavuno ya kwanza niliuza vizuri. Msimu uliopita kampuni ilikuja mwezi wa tano, bei imeshuka karibu nusu, na ilipochambua ikakataa karibu nusu ya mzigo wangu: mengine madogo, mengine yana mikwaruzo, mengine wakasema hayajakomaa. Nilipouliza sababu ya bei nikaambiwa Peru wameingiza mzigo mwingi. Peru iko Amerika ya Kusini! Inakuwaje wa mbali atushinde sisi wa karibu? Na hawa Wakenya wanaonunua mashambani kwetu na kupeleka kwao, si ndio wanaotuharibia soko? Nifanyeje: ning'oe nipande viazi, nivumilie, au niongeze zile ekari mbili nilizokwisha kuziandaa?"*

Ndugu yangu, pole kwa msimu huo. Kutunza mti miaka sita kisha ukaona nusu ya mavuno inamwagwa pembeni inauma, na najua wengi wanaojiuliza hivyo hivyo, kuanzia Rungwe na Mufindi hadi Siha. Nianze na jibu la mkato ili usome ukiwa umetulia: miti usiing'oe, na zile ekari mbili zisubiri kwanza. Soko la dunia lipo na bado linakua. Ila mashindano yake hayafanyiki pale ulipoambiwa yanafanyika.

Tuanze na umbali, kwa kuwa ndio uliokushangaza. Kwa njia ya bahari, kutoka Mombasa hadi Rotterdam, bandari ya Uholanzi, kupitia mfereji wa Suez na kutoka bandari ya Callao ya Peru hadi Rotterdam kupitia mfereji wa Panama ni safari zinazokaribiana kabisa, kila moja ikizidi kidogo maili 6,000 za baharini. Kwenye ramani sisi tuko jirani na Ulaya, lakini meli haikati Sahara. Tena tangu mwisho wa mwaka 2023, mashambulizi kwenye Bahari ya Shamu yalipozifanya kampuni nyingi za meli kuikwepa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, safari yetu iliongezeka kwa wiki mbili hivi. Ya Peru haikuguswa. Kwa hiyo huyu unayemwita wa mbali, kwa siku za safari, alikuwa karibu na mnunuzi kuliko sisi.

Kwa nini siku zina uzito kiasi hicho? Kwa sababu parachichi ni kiumbe hai hata baada ya kuchumwa. Likiwa mtini haliivi. Hukomaa tu, likajaza mafuta na kusubiri. Ukilikata kikonyo ndipo saa yake inapoanza kuhesabu: linapumua, linatoa joto, na baada ya muda linaanza kutengeneza gesi iitwayo ethilini, ambayo huliivisha lenyewe na kuyaamsha yaliyo jirani. Kwenye joto la kawaida la mchana, wiki moja au zaidi kidogo linakuwa tayari kuliwa. Mnunuzi wa Rotterdam analitaka likiwa bado gumu kama siku lilipochumwa, ili yeye ndiye aamue liive lini, kwenye vyumba vyake vya kuivishia, kwa tarehe aliyowaahidi wenye maduka.

Kinachotuwezesha kulivusha bahari likiwa gumu ni ubaridi. Hass husafirishwa kwenye nyuzi 5 au 6 hivi, na makontena ya kisasa hupunguza pia oksijeni mpaka kama asilimia 4 na kupandisha kabonidayoksaidi mpaka kama asilimia 6, ili tunda lipumue polepole. Lakini ubaridi haurudishi siku zilizokwisha kuliwa. Tunda lililokaa juani kwenye kreti tangu saa nne asubuhi hadi jioni, likalala kijijini, likasafiri kwenye lori la wazi, limeshatumia sehemu ya uhai wake kabla ya kuona chumba cha baridi. Halitaonekana tofauti siku hiyo. Tofauti itaonekana mwezi mmodi baadaye boksi likifunguliwa: ganda limepata madoa meusi, kitako cha kikonyo kimeanza kuoza, na ukilikata, nyama ina mishipa ya kahawia.

Sasa tufuate mzigo wako. Kontena moja la futi 40 hubeba, kwa mpangilio uliozoeleka, maboksi 5,280 ya kilo 4, yaani tani 21 hivi. Wewe una ekari tatu. Huwezi kulijaza peke yako. Kampuni inazunguka kwako, kwa jirani, kijiji cha pili, barabara ya vumbi, mvua ikinyesha lori linanasa. Siku tatu au nne zinapita mzigo haujatimia. Kisha kuna barabara ya kilomita kama 700 hadi Dar es Salaam, au zaidi ya 1,000 ikiwa kontena linakwenda Mombasa, ambako mzigo wetu mwingi umekuwa ukipitia kwa miaka. Njiani kuna mpaka, karatasi na mizani, na jenereta ya kontena ikizimika usiku mmoja tu, mambo yameharibika. Bandarini mzigo unasubiri meli. Na kwa kuwa makontena ya ubaridi yanayoingia kwetu yakiwa na bidhaa ni machache, mengi huletwa matupu, na gharama ya kuyaleta iko ndani ya bei uliyolipwa.

Huko pwani ya Peru shamba moja linaweza kuwa na mamia ya hekta, na kituo cha kufungashia kiko hapo hapo au jirani tu. Tunda linachumwa asubuhi, jioni liko kwenye baridi, na kontena linajaa kutoka shamba moja siku hiyo hiyo. Hapo ndipo tunapozidiwa, ndugu yangu. Udongo wa Njombe hauna kosa lolote. Sisi tunaanza safari ya baharini tukiwa tumeshapoteza siku ambazo wao bado wanazo.

Wala Peru haikuzaliwa hivyo. Pwani yake ni jangwa. Serikali ilijenga miradi mikubwa ya kuchepusha mito kutoka milimani, kama Chavimochic huko La Libertad na Olmos huko Lambayeque, ikauza ardhi iliyofikiwa na maji kwa wenye mitaji. Mwaka 2000 ikatunga sheria ya kuwapunguzia kodi wakulima wa mazao ya nje. Taasisi yake ya afya ya mimea, SENASA, imepigana na nzi wa matunda kwa miaka mingi na kufungua soko moja baada ya jingine kwa mazungumzo ya kitaalamu. Wakulima wa Hass nao wana chama chao, ProHass, kinachofuatilia mzigo unaokwenda kila soko. Matokeo yake ni zaidi ya tani laki tano za parachichi zinazouzwa nje kwa mwaka. Kenya, kinara wa Afrika, huuza zaidi ya laki moja.

Nisikudanganye kwamba njia hiyo haina machungu. Huko Ica, kwenye pwani hiyo hiyo ya Peru, maji ya ardhini yamekuwa yakishuka, na wanakijiji wenye visima vifupi ndio wanaoumia. Vibarua wa mashamba makubwa walifunga barabara kwa mgomo mwishoni mwa mwaka 2020 wakidai malipo na haki, watu wakapoteza maisha, na ile sheria ya mwaka 2000 ikafutwa. Mimi sitamani Njombe iwe jangwa la matajiri wachache. Natamani tujifunze nidhamu yao ya siku na ubaridi, tubaki na wakulima wetu wadogo.

Hapo naomba pia niguse hoja ya vibarua nafuu na ushuru. Ni kweli bidhaa zetu zinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru, kwa mpango uliowekwa kwa nchi zenye maendeleo duni. Lakini Peru ina mkataba wake wa biashara na Ulaya tangu 2013, na Kenya ina wake ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Wote tumesimama mstari mmoja. Na kuhusu vibarua: nauli ya kontena ni ile ile, likiwa na matunda mazuri au mabaya. Boksi, umeme wa baridi, ukaguzi, wakala wa bandari, vyote havijui kwamba mchumaji wako ulimlipa kidogo. Ukiokoa kwa kibarua asiyefundishwa, akavuta matunda kwa mkono badala ya kuyakata na mkasi na kuyaachia kikonyo kifupi, umefungua kidonda ambacho ukungu utaingilia, na umelipa nauli ya kusafirisha uozo.

Turudi kwenye matunda yako yaliyokataliwa, maana hapo kuna mambo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake.

Haya waliyosema hayajakomaa: usiyapime kwa macho. Hass changa na Hass iliyokomaa zote ni kijani, zote ni ngumu. Kipimo ni kiasi kinachobaki maji yakishatolewa. Unakata tunda katikati, unaondoa kokwa na ngozi yake, unakwangua nyama, unapima gramu 10 kwa mizani midogo ya kidijitali kama ile ya masonara, unaikausha taratibu kwenye maikrowevu mpaka uzito usibadilike tena, kisha unapima upya. Zikibaki gramu 2.1, ni asilimia 21, kiwango cha chini cha kimataifa kwa Hass. Zikibaki 2.4, ni asilimia 24, kiwango kilichowekwa na mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya. Tunda changa haliivi vizuri. Linasinyaa na kuwa kama mpira, mlaji analitupa na harudi tena kununua. Ndiyo sababu Kenya hufunga uchumaji wa Hass na wa Fuerte, aina nyingine ya parachichi, karibu na mwisho wa mwaka na kuufungua baada ya kupima. Chukua matunda kama kumi kutoka miti tofauti, ya juu na ya chini, kwa sababu mti mmoja unaweza kuwa na matunda ya maua ya nyakati mbili, na hapo ndipo wakulima wengi wa nyanda za juu wanapojikuta wamechanganya yaliyokomaa na machanga kwenye kreti moja.

Haya madogo: boksi la kilo 4 hupewa namba kwa idadi ya matunda yaliyomo. Namba 16 ina matunda ya gramu 227 hadi 274; namba 20, gramu 184 hadi 217. Yakiwa madogo zaidi bei huanguka haraka, hasa Peru inapokuwa imejaza soko. Udogo husababishwa na mti uliobeba kupita uwezo wake, kiangazi kilichoupata tunda likiwa linakua, au njaa ya mbolea. Msimu uliokuzalia sana hufuatwa na msimu wa kuzaa kidogo, na kupogoa kwa wakati ndiko kunakotuliza huko kupanda na kushuka.

Mikwaruzo ni upepo, matawi yanayosuguana, mvua ya mawe, wadudu wadogo, na kreti zilizojazwa kupita kiasi. Miti ya kukinga upepo pembeni mwa shamba inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Sasa bei ya mwezi wa tano. Msimu wa Peru huanza kupamba moto kuanzia Aprili na kufika kileleni Mei hadi Julai. Ukiingia Ulaya wakati huo unagombana na mto uliofurika. Wanaopata nafuu ni wanaofika kabla ya mto huo au baada yake kupungua. Tena kampuni nyingi hupeleka mzigo kwa mali kauli: mnunuzi wa Ulaya analipa kulingana na alivyouza, akishakata gharama na matunda yaliyooza. Kampuni ikiona bei inashuka inajilinda kwa kukushusha wewe, kwa sababu wewe ndiye wa mwisho kwenye mnyororo na matunda yako hayana pa kwenda.

Hass ina neema moja hapa: kwa kuwa haiivi mtini, ikishakomaa inaweza kusubiri juu ya mti kwa wiki kadhaa. Ukipima ukavu na kujua matunda yako yamefika lini, unaweza kujadiliana tarehe. Lakini usiisubirishe mno. Tunda lililozidi kukomaa lina mafuta mengi, huiva haraka ndani ya kontena, na mti ulioelemewa hautatoa maua vizuri mwaka unaofuata.

Kuhusu Wakenya, nitasema wazi ingawa najua si wote watakaonipenda. Mnunuzi anayekuja na fedha mkononi kijijini si adui yako. Wenzetu wamejenga biashara ya maua, maharage mabichi na matunda kwa miongo mingi. Wana vituo vya kufungashia, wana wanunuzi wa kudumu, wana bandari yenye meli za kuelekea Ulaya. Nao walionja machungu: walijizuia wenyewe kuuza maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, na mlango ule ukafunguliwa tena mwaka 2021. Kinachotuumiza ni kitu kingine: tunda lako likiondoka bila namba ya shamba wala rekodi ya dawa, linapoteza jina lake barabarani. Linalouzika vizuri linampa sifa mwingine, na linalokutwa na kasoro haliwezi kurudishwa kwenye shamba lenye tatizo ili lirekebishwe. Na dalali anayekushawishi kuchuma machanga mwezi ambao kwao uchumaji umefungwa, huyo mkatae, awe anatoka Nairobi au Makambako.

Masoko mengine yapo, na ni vizuri uyajue ili usione Ulaya kama mlango pekee. Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuingiza parachichi letu, na tangu Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa nchi kama yetu. Lakini inataka shamba na kituo cha kufungashia visajiliwe na wadudu wadhibitiwe, na Peru nayo imepata bandari mpya ya Chancay iliyofunguliwa Novemba 2024 kwa ajili ya njia hiyo hiyo ya Asia. India imetufungulia pia. Ghuba, yaani Dubai, Oman na Saudia, ni safari fupi mno ukilinganisha na Ulaya, na kwa mzigo wa wakulima wadogo uliokusanywa kwa siku nyingi, siku hizo zinazookolewa zina thamani. Kwa maoni yangu tumelitazama soko la Ghuba kwa dharau isiyostahili.

Kwa hiyo, ufanyeje? Kung'oa kungekuwa na maana iwapo miti ingekuwa imeugua au ya aina isiyouzika. Yako ni Hass ya miaka sita, inaingia kwenye miaka yake mizuri, na viazi vina misukosuko yake ya bei ambayo unaijua. Kuongeza ekari sasa ni kuongeza matunda ya kukataliwa. Miche ya leo itakudai maji, mbolea na uvumilivu wa miaka mitatu minne kabla ya kukulipa. Chukua fedha ya ekari mbili uiweke kwenye hizi tatu: kupima udongo, kupogoa, mikasi na kreti, kivuli cha kuwekea mzigo shambani, mizani. Ukiona yanayokataliwa yameshuka hadi robo au chini, ndipo ufikirie kupanua.

Jambo litakalobadilisha bei yako zaidi, hata hivyo, huwezi kulifanya peke yako. Kaeni wakulima wa kijiji, kwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au kikundi, mkubaliane siku moja ya kuchuma na eneo moja la kukusanyia lenye kivuli, ili lori la baridi lijaze asubuhi na kuondoka siku hiyo hiyo. Kampuni inayookoa siku tatu ina nafasi ya kuwalipa, nanyi mna nguvu ya kuidai. Kikundi pia ndicho kinachowawezesha kumudu cheti cha GlobalG.A.P., yaani cha kilimo bora na salama, ambacho maduka makubwa ya Ulaya yanakidai, kwa kugawana gharama za ukaguzi. Na kikundi ndicho kinachoweza kutafuta mkamuaji wa mafuta kwa yale madogo na yenye mikwaruzo, badala ya kuyaacha yaoze.

Kuna mambo ambayo sitakudanganya kwamba yanatibika kwa maandishi. Ukiona mti una majani madogo ya manjano, ncha za matawi zinakauka kuanzia juu, na mizizi midogo ukiichimbua ni myeusi na inakatika ovyo, inawezekana ni ukungu unaoozesha mizizi. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Muite afisa ugani afike shambani, au peleka udongo na mizizi ikiwa mibichi kwenye kituo cha utafiti cha TARI Uyole, Mbeya. Kabla ya kupulizia dawa yoyote ndani ya miezi ya kuelekea mavuno, uliza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kama inaruhusiwa huko mzigo unakokwenda: klorpirifosi, kwa mfano, ilipigwa marufuku Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na mabaki yake hayatakiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo. Shamba moja likichafua, kontena zima linazuiwa.

Na mkataba wa kampuni, kabla ya kutia saini, msomeni mkiwa wengi pamoja na afisa ushirika wa wilaya. Mwambieni awaonyeshe mistari mitatu: bei inapangwa lini, nani anachambua na mkulima akiwepo au la, na matunda yaliyokataliwa ni ya nani.